Kile kigurudumu cha lehemu

Nilipoigeuza ile oskiloskopu, mashine inayochora mawimbi ya umeme kwenye kioo, niutazame mgongo wake, chujio la feni lilikuwa limeziba kabisa. Vumbi lilikuwa limeshikana na mafuta mpaka likawa kama kipande cha blanketi. Ilikuwa Tektronix 545A ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, imejaa vali za kioo, zile zilizotangulia transista, na uzito wake ulikaribia kilo 30. Chuo kimoja kilikuwa kinaondoa vifaa vyake chakavu, nami niliipata mwaka 2011, siku chache kabla haijapelekwa kuvunjwavunjwa. Hakuna aliyekumbuka iliwashwa lini mara ya mwisho.

Sikuiwasha, japo hamu ilikuwa kubwa. Nilimpigia simu mzee aliyenifundisha ufundi wa redio.

“Mzee, niioshe kwa maji kweli?”

“Ioshe, mwanangu. Ila usiichomeke kwenye umeme mpaka nije niione.”

Hakuwa akibahatisha. Kwa Tektronix wenyewe, waundaji wake, vifaa vilivyorudishwa kutengenezwa vilioshwa kwa maji na sabuni, kisha vikakaushwa kwa joto la taratibu. Vumbi la miaka hiyo yote hunyonya unyevu, na vumbi lenye unyevu hupitisha umeme. Ndani ya mashine inayopeleka volti 10,000 kwenye tyubu ya picha, njia nyembamba ya uchafu inatosha kuleta cheche.

Nilifungua mbavu zote mbili, nikaanza kuchomoa vali. Ya kwanza nilipoishika niliifuta kwa kidole gumba chenye jasho, na namba yake ikatoka yote, kana kwamba iliandikwa kwa chaki. Nilibaki nakitazama kile kioo kitupu moyo ukinidunda. Nilijua ilikotoka kwa sababu tundu lake peke yake ndilo lililokuwa wazi. Ingekuwa ya kumi, ningepotea. Nikaketi nikachora ramani ya soketi zote kwenye karatasi kubwa, na vali zilizobaki nikazishika kwa chini tu, nikazipangusa vumbi kwa brashi kavu, nikaziweka kila moja kwenye bahasha yake yenye namba.

Sehemu ya volti kubwa na transfoma nilizifunika kwa plastiki na utepe, maana maji yakishaingia ndani ya transfoma kuyatoa ni kazi. Kwingine kote nilipitisha maji ya uvuguvugu, matone machache ya sabuni ya vyombo, na brashi laini ya kupakia rangi. Maji yalitoka meusi, baadaye kahawia, na ikapanda harufu ya sigara zilizovutwa mbele ya mashine ile na watu nisiowajua. Pale mbele, maandishi yaliyokuwa yamefunikwa na ukungu wa manjano yakaanza kusomeka moja baada ya jingine. Niliosha zaidi ya nilivyohitaji, kwa sababu sikutaka kuacha kuyatazama yakitokea. Nilisuuza kwa maji yaliyotoneshwa, yasiyoacha chumvi, nikaiacha siku 4 ndani ya boksi lenye balbu ndogo ya kutoa joto.

Swichi zilinichukua jioni mbili. Wengi huzipulizia dawa kisha huzizungusha, nami sikubaliani nao: ile bodi inayoshikilia ncha za swichi hunywa dawa na kuvujisha umeme baadaye. Nilikata vipande vya karatasi ngumu, nikavilowesha kidogo kwa alkoholi ya isopropili, nikavipitisha katikati ya ncha mpaka vikatoka vyeupe.

Wakati wa kusafisha niliona ndani, kwenye ukuta wa chasisi, kigurudumu kidogo kilichozungushiwa waya mwembamba wa lehemu, mithili ya rili ya uzi wa cherehani. Nikadhani fundi fulani alikisahau. Nikakichomoa, nikakitupa kwenye rundo la vumbi na skrubu zilizooza.

Mzee alipofika, kitu cha kwanza kuinama na kukiokota kilikuwa hicho.

“Hiki kimetoka kiwandani,” alisema. “Hakikusahauliwa na mtu.”

Akanionyesha vile vipande vyeupe vya kauri vyenye meno, ambavyo rezista (vizuizi vya umeme) na kapasita (vihifadhi vya umeme) zimelazwa juu yake kwa mistari iliyonyooka. Kila pengo la kauri lina utando wa fedha ndani yake. Lehemu ya kawaida ya bati na risasi huila ile fedha, na utando ukishaondoka hakuna kitakachoshika tena. Kwa hiyo iliwekwa humo humo lehemu yenye fedha kidogo, imsubiri fundi yeyote atakayefungua ubavu ule baada ya miaka mingi. Nilikipangusa kigurudumu kwa shati langu. Niliona aibu, na nilifarijika pia kuwa rundo lilikuwa bado halijazolewa.

Tulizipima kapasita kubwa, tukazipandishia volti polepole nje ya saketi, tukarudisha vali kwa kufuata ramani. Nikawasha. Vali zikaanza kuwaka wekundu hafifu, lakini kwenye kioo hakukuwa na kitu. Baada ya nusu dakika hivi relei ya kuchelewesha, swichi inayosubiri vali zipate joto, ikalia “tk”, na mstari wa kijani ukajichora katikati.

Niliunganisha waya kutoka kwenye kalibreta ya mashine yenyewe, sehemu ya kujipimia, inayotoa wimbi la mraba la takriban kilohezi 1. Wimbi likaja na kupotea. Mzee aligusagusa kwa kijiti cha mbao mpaka akaipata rezista moja inayocheza kwenye pengo lake. Fundi aliyetangulia alikuwa ameilehemu kwa lehemu ya kawaida, imefifia na kuwa ya kijivu.

Tulizima, tukasubiri kapasita zitoe umeme wake. Akanipa pasi ya kulehemu.

“Gusa, kisha toa. Usikae hapo.”

Niliondoa lehemu ya kijivu, nikafungua sentimita chache za ule waya wa kiwandani. Uliyeyuka ukang’aa, ukatambaa pande zote mbili za kauri. Utando wa fedha ulikuwa umebaki wa kutosha.

Safari hii wimbi lilitulia, pembe zake kali, juu yake bapa. Mzee alilitazama muda mrefu bila kusema kitu. Kwenye kigurudumu palibaki waya wa mizunguko michache. Nilikirudisha kwenye kijiti chake, nikafunga ubavu.