Kikao cha Tatu

Kikao cha kwanza cha watu wanaosaidiana kuacha pombe nilichokiendea hakikuwapo. Saa na mahali nilikuwa nimevipata kwenye orodha ya intaneti, nikafika robo saa mapema, nikakuta kufuli mlangoni na karatasi iliyochanika ambayo neno pekee lililosomeka lilikuwa "tumehamia". Kwa mtu aliyejikaza majuma matatu ili apate ujasiri wa kutoka nyumbani, kufuli lile lilikuwa sawa na ruhusa, nami sikuichelewesha: usiku ule nilikunywa kuliko kawaida yangu. Tangu hapo kila anayeniuliza namwambia apige simu kwanza, kwa kuwa orodha huzeeka na vikundi huhama, na aulize pia kama kikao ni cha wazi, ambacho hata ndugu au rafiki anaweza kuhudhuria, au ni cha faragha, ambacho ni cha wale tu wenye nia ya kuacha pombe.

Simu hiyo inaweza kuwa na faida nyingine. Mwanamume aliyepokea yangu, kabla hata ya kunielekeza njia, aliniuliza kama mikono hunitetemeka asubuhi kabla sijanywa. Nilipokiri, alinisihi nimwone daktari kabla ya kuacha, akanieleza kwamba mwili uliozoea pombe nyingi kila siku ukinyimwa ghafla unaweza kupatwa na degedege na kuchanganyikiwa kunakoweza kuua. Nilidhani anatafuta njia ya kunikwepa. Daktari alimuunga mkono neno kwa neno.

Kikao cha pili nilikaa kando ya mlango, na kabla hakijaisha nilikuwa nimeshaondoka. Mzee mmoja alizungumza juu ya Mungu kwa muda mrefu, nami wakati ule nilikuwa nimegombana na Mungu pamoja na watu wengine wengi. Baadaye nilielewa kwamba Hatua 12, yaani mwongozo wa kuacha pombe wa Alcoholics Anonymous, chama chenye vikao hivi, humtaja Mungu kwa kadiri kila mmoja anavyomwelewa, na kwamba kila kikundi kina hulka yake, hivyo mazungumzo yaliyokukera mahali pamoja huenda usiyasikie kwingine. Asiyeyataka kabisa anayo milango mingine: SMART Recovery, iliyoanza mwaka 1994, hutumia mbinu za kisaikolojia, na tangu mwaka 1975 kipo chama cha wanawake kiitwacho Women for Sobriety. Ninachokiona ni kosa, na nililifanya mwenyewe, ni kukihukumu kitu chote kwa saa moja uliyokaa ukiwa na hofu.

Kikao cha tatu ndicho kilichonishika. Kila aliyezungumza alitaja jina lake la kwanza tu, wenzake wakamsalimu kwa jina hilo, na ilipofika zamu yangu nikasema kwamba leo nitasikiliza, wakanishukuru na kuendelea bila kunikazia macho. Hakuna aliyemjibu mwenzake wala kumpa ushauri, jambo ambalo mwanzoni lilinishangaza, maana nilikuwa nimejiandaa kuhubiriwa. Mama mmoja alisimulia alivyokuwa akificha chupa ndani ya kikapu cha nguo chafu, na jinsi alivyojifunza kukibeba bila chupa kugongana watoto wakiwa karibu. Zangu nilizificha ndani ya mabuti ya mvua, kila moja nimeivisha soksi ili isilie. Hadi siku hiyo niliamini kwamba soksi zile ni uvumbuzi wangu peke yangu. Kikapu cha michango kilipopita, jirani yangu alinong'ona kwamba mgeni hatoi kitu, akakipitisha mbele yangu kama vile sipo, na nilimpenda kwa hilo.

Niliposoma historia ya Alcoholics Anonymous niligundua kwamba nayo ilianzia kwenye simu. Mwezi Mei mwaka 1935, Bill Wilson, dalali wa hisa kutoka New York aliyekuwa ameacha pombe miezi michache tu, alisimama katika ukumbi wa hoteli mjini Akron, jimbo la Ohio, baa ikiwa karibu na biashara yake imeharibika, akaanza kuyapigia simu makanisa akitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Alikutanishwa na Bob Smith, daktari wa upasuaji, ambaye alikubali kumpa dakika 15 tu. Walizungumza kwa zaidi ya saa sita. Kinachonigusa ni kwamba aliyepiga simu ndiye aliyekuwa akijiokoa.

Ndiyo maana sikushangaa mdhamini wangu, mtu aliyenitangulia katika safari hii, aliponiambia kwamba nikimpigia usiku wa manane simsumbui. Nilimpigia mara nyingi, ikiwemo mara moja baada ya kuteleza, nikiwa na miezi minne bila tone, na alichoniuliza ni kikao gani nitakwenda kesho yake.

Mwaka jana kikundi chetu kilihama ukumbi. Nilirudi kwenye mlango wa zamani nikabandika karatasi yenye anwani mpya na namba ya simu, nikaifunika kwa plastiki isilowe, na kwa majuma mawili ya mwanzo nilisimama pale hadi saa ya kikao ilipopita. Juma la pili alikuja kijana mmoja, akasoma karatasi, akageuka kuondoka. Nikamuuliza kama naweza kumsindikiza.