Siku Moja Maishani Mwangu: Kuchora Uvimbe na Kupiga Simu

Saa moja kasoro asubuhi ninashuka kwenye daladala hapa Dodoma, mtandio nikiwa nimeuvuta hadi puani kwa sababu ya vumbi la Agosti. Majirani wanaamini kwamba kazi yangu ni kukaa kwenye kiyoyozi nikiitazama kompyuta ikitabiri ni mgonjwa gani saratani itamrudia. Mimi ni mtaalamu wa picha za mionzi, na kompyuta hiyo haitabiri lolote mpaka ifundishwe.

Kuanzia saa mbili ninachora. CT scan moja ya nyonga, yaani picha za eksirei zinazopigwa kipande kwa kipande, huwa na vipande vingi, nami hupitia kimoja baada ya kingine nikiuzungushia mstari uvimbe wa shingo ya kizazi. MRI, yaani picha za sumaku, ingeonyesha mpaka wa uvimbe vizuri zaidi, lakini wagonjwa wetu wengi wa zamani walipigwa CT scan pekee, ambamo uvimbe na nyama ya kizazi yenyewe hukaribiana mno kwa ukijivu. Leo, katika kipande kimoja, mstari wangu ulikuwa umeingia kwenye ukuta wa kibofu, nikaurudisha nyuma milimita mbili. Milimita hizo zina uzito, kwani programu hupima umbo la uvimbe, ukubwa wake na jinsi weusi na weupe vilivyochanganyika ndani yake, kisha hutafuta vipimo vinavyoelekea kuandamana na ugonjwa kurudi. Mwenzangu huchora picha ileile bila kuuona mstari wangu, na tukipishana sana tunarudia wote wawili.

Saa nne, chai na chapati.

Baada ya hapo huanza kazi ya simu, ambayo hakuna anayeihesabu kuwa ya kitaalamu. Saratani ya shingo ya kizazi ikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka miwili au mitatu ya mwanzo baada ya matibabu, kwa hiyo kila picha inahitaji jibu la kilichompata mwenye nayo, ilhali mafaili mengi yanaishia siku ya mwisho ya tiba ya mionzi. Leo nilikuwa na namba 19 za wagonjwa waliokwisha kuridhia kutafutwa, na 12 hazikupatikana kabisa. Ya kumi na tatu ilipokelewa na kijana aliyenisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Nyie si ndio wale wa 'ile hela tuma kwenye namba hii'?" Akakata. Nilipiga tena, akakata tena. Mara ya nne alipokea mama mwenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye yule wa kwenye mashine?"

Alinieleza habari za mtama, za mbuzi, za mjukuu aliyeingia darasa la kwanza, na mwishoni kabisa, kana kwamba ni jambo dogo, akasema kwamba tangu mavuno anatokwa damu tena, ila nauli haijapatikana. Nilimwomba aje kliniki Alhamisi, nikamwarifu muuguzi.

Sijui ilikuwa saa ngapi, ila nilikuwa sijala, kijana wetu wa programu alipopendekeza kwamba wote wasiopatikana tuwaandike kuwa ugonjwa haukurudi, ili jedwali lijae. Nilimkatalia kwa sauti niliyoijutia baadaye. Watu hao wanapaswa kuandikiwa tarehe ya mwisho walipoonekana hawana ugonjwa, na hesabu yao iishie hapo, la sivyo mashine itajifunza kwamba uvimbe wa waliofia vijijini bila sisi kujua ni uvimbe usiorudi, nayo itamwambia daktari hivyo bila kusita.

Mstari wa yule mama kwenye jedwali niliuacha wazi, kwa kuwa damu pekee haithibitishi kitu kabla hajapimwa. Nikiwa kwenye daladala ya kurudi nyumbani, mgongo ukiniuma, uliingia ujumbe kutoka kwa yule kijana aliyenikatia simu: "Dada, hiyo Alhamisi daktari anaanza kuita saa ngapi?"