Kusakinisha paketi za Python kwenye maabara isiyo na intaneti

Kompyuta za maabara zilikuwa na Windows na Python 3.11, lakini bando hakuna. Kwenye kompyuta moja yenye mtandao, paketi zote zilizoorodheshwa kwenye `requirements.txt` zilipakuliwa kutoka PyPI (hazina ya mtandaoni ya paketi za Python) hadi kwenye flashi, kwa kutumia pip, programu ya kusakinisha paketi:

`pip download -r requirements.txt -d paketi`

Kule maabara:

`pip install --no-index --find-links=paketi -r requirements.txt`

Paketi ya numpy ikagoma: "No matching distribution found". Ujumbe huu unapotosha, maana faili lipo pale pale kwenye folda. Tatizo ni jina lake: lina `cp312` na `manylinux`, yaani limetengenezwa kwa Python 3.12 ya Linux, kama kompyuta iliyopakua. Paketi zilizoandikwa kwa Python tupu huishia na `none-any`, nazo hazina shida.

Dawa ni kutaja mashine lengwa wakati wa kupakua:

`pip download -r requirements.txt -d paketi --platform win_amd64 --python-version 3.11 --only-binary=:all:`

Ukiacha `--only-binary=:all:`, pip hukataa kuendelea. Kompyuta moja iligoma hata hivyo: Windows yake biti 64, Python yake biti 32. Hiyo hutaka `win32`, ila ni nafuu kuisakinisha Python upya. `pip debug --verbose` huonyesha lebo (alama kama `cp311` na `win_amd64` kwenye majina ya faili) zinazokubalika kwenye kompyuta husika.