Bosi kakaa dirishani

Jamani, leo ofisini kwetu hapa Mwanga, Kigoma, nimeona jambo.

Keshia wetu karudi juzi tu kutoka likizo ya uzazi. Siku zake 84 zimeisha, mtoto bado mchanga kabisa.

Saa tano bibi mtu akashuka kwenye bodaboda kutoka Ujiji, mjukuu kifuani analia hasa. Foleni nayo imefika mlangoni.

Dada wa watu akabaki anaangalia mtoto, anaangalia foleni.

Bosi akatoka ofisini kwake. "Mama Nuru, nenda kanyonyeshe." Akampa ufunguo wa stoo. Kumbe asubuhi alishaagiza maboksi yatolewe, kiti kiwekwe, na khanga itundikwe dirishani!

Kisha akakaa mwenyewe kwenye dirisha la malipo. Hapo sasa ndipo kichekesho: mzee hajui hata droo ya chenji inafunguliwaje. Risiti za mwanzo zote kazipiga muhuri kichwa chini. Mama mmoja muuza dagaa wa Kibirizi akamwambia, "Baba, geuza." Foleni nzima ikaangua kicheko, hata waliokuwa wamenuna.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi. Ni haki yake, si fadhila. Ila nimeshafanya kazi mahali ukiomba ruhusa ya dakika kumi unaangaliwa kama mwizi, ndiyo maana leo nimeduwaa.

Kazini kwenu anayenyonyesha anakaa wapi? Semeni, na akina baba msipite kimya kimya 😄