Amplifaya iliyoungua mpaka bodi ikatoboka: kumbukumbu ya matengenezo

Mashine ni ya chaneli mbili, klasi AB, zile nzito za chuma zinazobebwa na watu wawili. Mwenyewe ni mkodishaji wa mziki, anakaa Chikongola hapa Mtwara, na msimu wa korosho pesa zikiingia vijijini mziki wake haulali nyumbani. Safari hii ulikuwa Nanyamba kwenye sherehe. Katikati ya usiku upande wa kulia ukanguruma, moshi ukatoka, na spika za besi za upande huo zikafa papo hapo. Alikoipeleka kwanza aliambiwa haitengenezeki, aipime kwa kilo. Alipoileta kwangu Shangani aliuliza, "Njomba, inapona hii, au niuze chuma chakavu?" Nikamwomba aniachie nifungue kwanza.

Kwenye amplifaya kubwa thamani imekaa kwenye transfoma, hitisinki (bati nene la kupozea transista), kapasita kubwa na boksi lenyewe. Vinavyoungua karibu vyote ni vitu vidogo vinavyonunulika. Kwa hiyo kitu cha kwanza kupima kilikuwa transfoma. Nilizikata nyaya zake zote zinazokwenda kwenye bodi, nikaiwasha peke yake kupitia glopu.

Hiyo glopu nieleze, maana itatajwa tena. Ni glopu ya waya ya wati 100, imeunganishwa mfululizo kwenye laini ya umeme inayoingia kwenye mashine. Kama ndani kuna shoti, glopu inawaka kwa nguvu na kubeba umeme wote, mashine haipati zaidi ya kama nusu ampea. Kama ndani ni salama, glopu inamulika kidogo halafu inafifia. Glopu za LED hazifai kwa kazi hii. Za waya siku hizi ni adimu madukani, lakini wafugaji wa vifaranga bado wanazitumia, na mimi huko ndiko ninakozipata.

Transfoma ilitoa volti 53 kila upande. Zikipita kwenye daraja la dayodi, linalonyoosha umeme, na kapasita zinakuwa kama volti 75 chanya na 75 hasi. Haikunguruma, haikupata moto. Nikampigia simu mwenyewe nikamwambia inapona.

Moto ulivyoanza

Upande wa nyuma, kwenye kishikio cha fyuzi, hapakuwa na fyuzi. Palikuwa na waya wa shaba uliosokotwa. Mahali pake panatakiwa fyuzi ya ampea 10. Transista za kutoa sauti zikipiga shoti, fyuzi inakatika, unabadilisha transista na rezista chache, mashine inarudi kazini. Ukiweka waya wa shaba, transfoma inaendelea kumimina umeme kwenye shoti ile mpaka kitu kingine kiungue na kukata njia. Hapa kilichoungua ni bodi.

Na shoti nayo ilikuwa na sababu. Upande wa kulia ulikuwa umefungwa spika 4 za omu 8, zote sambamba. Hizo zinakuwa omu 2. Mashine yenye volti 75 ikisukuma omu 2, kilele cha mkondo kinapita ampea 30, na upande huu una jozi 5 tu za transista za kuugawana. Transista zenyewe ni 2SC5200 na mwenzake 2SA1943, ambazo kwenye karatasi ya kiwandani zina volti 230, ampea 15, wati 150. Watu wengi husoma hiyo 150 wakatulia. Lakini ni wati 150 ganda la transista likiwa na nyuzi joto 25. Ganda likifika nyuzi 100 zimebaki wati 60, na likifika 150 hakuna kitu. Feni ya mashine hii ilikuwa imezibwa na vumbi mpaka mapanga yake hayaonekani. Weka usiku wa joto la Nanyamba juu yake, hesabu inajifunga yenyewe.

Orodha ya waliokufa

Kabla ya kugusa chochote nilimwaga umeme wa kapasita. Zina maikrofaradi 10,000 kila moja, na zikiwa na volti 75 zinaweza kukurusha hata kama mashine imechomolewa ukutani muda mrefu. Natumia rezista ya omu 100 yenye wati 10, naishika kwa koleo yenye mpira, nasubiri, kisha napima kwa mita mpaka nione chini ya volti 1. Bisibisi sitaki. Cheche yake inaharibu kapasita na inaweza kukuchukua jicho.

Transista 7 kati ya 10 zilikuwa shoti kati ya miguu yake ya kolekta na emita. Rezista za emita, omu 0.22, nyingi zimekatika na nyingine hazipo kabisa, zimebaki nyaya zake mbili zimesimama. Transista za kusukuma hizo kubwa zimekufa zote mbili, na rezista za beisi zimebadilika rangi hata zile zinazosoma sawa kwenye mita. Zile tatu zilizopona kipimo sikuzirudisha. Transista iliyopita kwenye moto kama huo inaweza kupima nzima leo na kufa kesho ikipewa mzigo, tena inaondoka na jirani zake mpya.

Mchoro wa saketi sina. Kinachonisaidia ni upande wa kushoto, ambao ni pacha wa kulia na haukuguswa. Kila rezista iliyopoteza rangi nimeisoma kwa mwenzake wa kushoto.

Mkaa

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo naona mashine nyingi zinafia mara ya pili.

Bodi ikiungua inageuka mkaa, na mkaa unapitisha umeme. Mita ya kawaida inapima omu kwa volti chache sana, kwa hiyo ukiweka ncha mbili kwenye sehemu nyeusi inaweza kukuonyesha hakuna njia. Ukiwasha, kati ya chanya na hasi pana volti 150. Mkaa uliokuwa kimya unaanza kupitisha, unapata moto, unazidi kuwa mkaa, na baada ya saa kadhaa moshi unatoka palepale. Mwenye mashine atasema transista ulizoweka ni feki, kumbe zilikuwa nzuri.

Kwa hiyo sikusugua wala sikupaka rangi juu. Nilikata. Kwa mashine ndogo ya kuchonga yenye kijiwe cha mviringo nilifuata weusi wote, kutoka kwenye tundu lililotoboka kwenda nje, mpaka pande zote nikafika kwenye nyuzi safi za kioo zenye rangi yao ya kijani mpauko. Vumbi lake ni baya kwa kifua. Nilifunga barakoa na kufanyia nje, upepo wa bahari ukiwa mgongoni. Ukifika mahali ukidhani pamekwisha, mulika tochi kwa nyuma ya bodi: penye mkaa ndani ya tabaka panaonekana kivuli, na hapo unaendelea kuchonga. Mimi nilipata kivuli kimoja chini ya mguu wa rezista, mahali ambapo kwa juu pakionekana pazima kabisa.

Tundu lilipokamilika lilikuwa na upana wa vidole vitatu. Nilifuta kwa spiriti, nikaacha ikauke, nikaziba kwa kipande cha bodi ya aina hiyohiyo kilichokatwa kwa kipimo na kugandishwa kwa gundi ya kuchanganya mbili. Njia za shaba zilizopotea nimezirudisha kwa waya mgumu wa nyumba wa milimita za mraba 2.5, nikaukunja kufuata njia ya zamani, nikauchomea kwa risasi ya kutosha. Njia za umeme mkubwa nimezipitisha mbali na njia ndogo ya kurudisha sauti kwenye mwanzo wa saketi. Upande wa kushoto zimetengana, na hiyo ni sababu ya kutosha kwangu.

Transista

Hizi mbili, 5200 na 1943, ndizo zinazoghushiwa kuliko zote ninazozijua. Maandishi yanaweza kuwa safi kabisa na ndani kukawa na kitu kingine. Niliomba sampuli kutoka maduka mawili, nikavunja moja ya kila duka kwa koleo. Ya kwanza, kipande cha silikoni ndani kilikuwa kama punje ya mtama. Ya pili kilikuwa kipana, kimechukua sehemu kubwa ya bati la shaba. Nikalinganisha na moja iliyokufa ya mashine yenyewe: ya pili ndiyo inayofanana nayo. Nikaagiza zote huko, zikaja kwa basi kutoka Dar. Zilipofika nilipima ukuzaji wa kila moja na kuzipanga zinazokaribiana upande mmoja wa jozi, ili mzigo usimwangukie mmoja.

Mika za kuhami transista na hitisinki nimeweka mpya na grisi ya joto mpya. Transista ndogo ya bayasi (bayasi ni umeme mdogo unaopita kwenye transista kubwa hata pasipo sauti), ambayo kazi yake ni kuhisi joto la hitisinki, grisi yake ilikuwa imekauka ikawa unga. Kila nyuzi moja ya joto, volti ya beisi na emita inashuka kama milivolti 2. Ile ndogo isipohisi joto hilo, kubwa zinaendelea kunywa umeme zaidi kadiri zinavyopata moto. Nimeisafisha na kuibana upya.

Kuwasha

Niliweka jozi moja tu. Glopu kwenye laini, spika hakuna, bayasi imerudishwa chini mwisho. Ikamulika, ikafifia. Kwenye njia ya spika nikapima milivolti 14 za mkondo mnyoofu (DC). Mimi nakubali chini ya 50. Nikaiacha, nikaishika hitisinki, ya baridi. Ndipo nikaongeza jozi zilizobaki na kurudia vipimo vilevile, halafu nikatoa glopu na kuweka fyuzi halisi.

Bayasi nimeifuata ya kushoto: milivolti 5 juu ya rezista ya omu 0.22, yaani kama miliampea 23 kwa kila transista. Ikipata joto inapanda kidogo kisha inatulia. Kutulia ndiko nilikokuwa nakungoja.

Kinga ya spika ilinichukua jioni nzima. Relei yake, yaani swichi ya sumaku inayokata njia ya spika, ilikuwa imeshikana midomo, ndiyo maana besi za watu zilikufa: volti 75 nyoofu ziliingia moja kwa moja kwenye koili. Relei nyingi za aina hii zimeandikwa volti 30 za mkondo mnyoofu, na zikijaribu kukata 75 cheche inabaki imesimama katikati ya midomo inayoachana. Nimeweka mpya yenye mguu wa tatu, na mguu ule nimeufunga kwenye ardhi ya saketi, ili cheche ikibaki iende ardhini, fyuzi ikatike, spika zibaki salama.

Kwa mzigo nimetumia waya wa jiko la umeme la zamani, kipande cha omu 8, ndani ya ndoo ya maji ya mvua. Imesukuma volti 49, karibu wati 300, mpaka maji yakatoa mvuke. Hitisinki za pande mbili zina joto linalolingana.

Bado kupaka vanishi chini ya bodi, kwa sababu chumvi ya hapa Shangani inakula shaba iliyo wazi, na kufunga feni mpya yenye chujio la kutolewa na kuoshwa. Nyuma ya boksi nimeandika kwa rangi nyeupe: SPIKA 2 KILA UPANDE, FYUZI AMPEA 10. Mwenyewe amekubali kununua pakiti ya fyuzi za akiba na kuibandika ndani ya mfuniko. Besi zake mbili ziko mezani, zinasubiri koili.