Kipande cha boksi kwenye rafu

Jumamosi, usiku

Mtoto wa dada yangu amelala sebuleni, kompyuta bado iko wazi mezani, na mimi usingizi umenikataa. Bora niandike.

Alikuja saa kumi jioni, flashi mfukoni. "Shikamoo mamdogo. Nimekuja unisomee barua zangu, Jumatatu ndiyo mwisho wa kupokea maombi." Barua zilikuwa mbili. Moja ya Sekretarieti ya Ajira, ofisi inayosimamia ajira za serikali, nafasi ya Msaidizi wa Kumbukumbu. Nyingine ya hospitali binafsi hapa hapa Morogoro, wanatafuta mtu wa kutunza mafaili ya wagonjwa. Kijana ana stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu, na huu ni mwaka wa pili yuko nyumbani kwa mama yake. Hata kabla hajaketi niliona alivyokonda.

Nikafungua ya kwanza. "Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye umri wa miaka 25, mchapakazi, mwaminifu, ninayeweza kufanya kazi katika mazingira magumu na kwa usimamizi mdogo." Nikafungua ya pili. Ile ile. Kilichobadilika ni jina la mwajiri tu.

Moyo uliniuma, kwa sababu maneno hayo nayajua. Nimeyauza.

Kabla sijaajiriwa shuleni nilikuwa na steshenari ndogo, upande wa pili wa barabara kutoka stendi. Watu walikuja na tangazo walilolikata gazetini, wengine wameliandika kwa kalamu nyuma ya kiganja. Kwenye kompyuta nilikuwa na faili linaitwa MAOMBI. Nilikuwa nalifungua, nabadilisha jina, anwani na tarehe, nachapa, napokea shilingi 500. Mwalimu, mlinzi, muuguzi, wote niliwapa barua moja. Wote walikuwa wachapakazi, wote walikuwa tayari kwa mazingira magumu.

Kuna mzee mmoja sijamsahau. Dereva wa malori, alikuwa anaomba kazi kwenye kampuni ya usafirishaji. Nikiwa nachapa alisimama nyuma yangu akinihadithia. Miaka 19 ametembea Dar es Salaam hadi Tunduma, hajawahi kuangusha gari wala kugonga mtu. Akanieleza Kitonga, mlima ulio kwenye njia hiyo: "Binti yangu, gia uliyopandia mlima ndiyo ya kushukia. Wanaokufa pale ni wale wanaoamini breki." Nilimsikia vizuri kabisa. Nikaitikia, na vidole vyangu vikaendelea kuandika "mchapakazi, mwaminifu". Alilipa, akaikunja karatasi mara nne, akaenda zake. Sikumwona tena.

Turudi kwa kijana wangu. Ile ya Sekretarieti haikutuchukua muda. Anwani aliyoandika ilikuwa S.L.P. 63100, Dar es Salaam, na Sekretarieti ilishahamia Dodoma, S.L.P. 2320. Nilipomuuliza ameitoa wapi, akasema barua ameipata kwenye kundi la WhatsApp la waliosoma naye. Kwa hiyo alirithi barua ya mtu aliyeirithi kwa mtu mwingine, tangu enzi za ofisi kuwa Dar. Na haikuwa na sahihi. Matangazo yao kila mara yanasema barua iwe imesainiwa, na yanasema unaweza kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza. Nikamwambia achague lugha anayoweza kujieleza nayo akiulizwa. Akachagua Kiswahili. Tukahakikisha jina lake linasomeka sawa na vyeti vyake, herufi kwa herufi, jina la nafasi tukaliandika kama lilivyo kwenye tangazo, akasaini kwa kalamu ya bluu, tukaipiga picha vizuri na kuipandisha kwenye mfumo pamoja na vyeti vyenyewe, maana hati za matokeo hawazipokei. Huko barua ni mlango tu. Ukiitwa, usaili wa mchujo unakusubiri, na kwenye mchujo barua haitakujibia maswali.

Ya hospitali ndiyo iliyotulaza macho. Pale kuna mtu ataketi na barua mkononi aamue amwite nani.

Hilo nalijua kwa sababu siku hizi nakaa upande wa pili wa meza. Kila mwaka shule zinapokaribia kufungwa Desemba, barua za walimu hupitia kwangu kabla hazijafika kwa mkuu wa shule. Nazisoma zote, naapa nazisoma zote, lakini ikifika ya arobaini macho yanateleza. Barua zinafanana kama sare za shule. Mwaka juzi macho yalisimama kwenye moja. Mwalimu wa kemia aliandika kwamba shule aliyotoka haina maabara, kwa hiyo alifundisha asidi na besi kwa maji ya choya: anakamulia limau, maji yanazidi kuwa mekundu, anatia magadi, yanageuka kijani. Wanafunzi walikuja na choya kutoka nyumbani. Hakuandika mahali popote kwamba ni mbunifu. Nilimpelekea mkuu barua ile mkononi, sikuiweka kwenye rundo.

Basi nikafunga kompyuta, nikamwambia kijana, "Baba, achana na barua. Nihadithie. Kwenye mafunzo kwa vitendo ulifanya nini?"

"Nilikuwa masijala tu, mamdogo."

Hiyo "tu" nilitaka kuitoa mdomoni mwake kwa vidole. Masijala! Chumba cha kutunzia majalada ya ofisi, mahali ambapo jalada likipotea, mtu anakosa kupandishwa daraja, mjane anazungushwa mafao miezi na miezi. Nikamwambia nitapika chai, na nikirudi nataka kusikia siku moja ya kazi, kuanzia kufungua mlango.

Ikatoka polepole. Asubuhi walipokea barua, wakaziandika kwenye rejista ya barua zinazoingia, wakaziweka kwenye majalada yake, wakayapeleka kwa maofisa. Shida ilikuwa kurudi. Ofisa anachukua jalada, anampa mwenzake, mwenzake anasafiri. Akija mtu kuliulizia, wanaanza kuzunguka ofisi hadi ofisi. Darasani alifundishwa kuwa jalada likitoka, lazima kitu kibaki mahali pake kwenye rafu kueleza limekwenda wapi. Pale kadi hizo hazikuwepo. Akachukua maboksi matupu ya karatasi za fotokopi, akayakata kwa mkasi, kila kipande kirefu kidogo kuliko jalada ili kijitokeze. Juu akaandika kwa kalamu ya wino mzito namba ya jalada, jina la aliyechukua, na tarehe. Alikuwa anakata baada ya saa za kazi, mpaka kidole kikaota lengelenge. Alinionyesha kidole chenyewe, kana kwamba alama bado ipo.

"Mbona hili hukuliandika?"

Akaangalia chini. "Nitaonekana najisifu, mamdogo. Mama anasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza."

Nilinyamaza. Methali hiyo hata mimi nimelelewa nayo, na dada yangu yuko sahihi, hakumfundisha mwanawe vibaya. Lakini nikamwambia aisome tena ile barua aliyoleta. Mchapakazi, mwaminifu, hodari, mwenye kujituma. Kama ni kujisifu, kujisifu kuko pale, tena kwa sifa ambazo msomaji hana namna ya kuzipima. Kusema "nilikata maboksi, nikaandika namba, jalada likawa linapatikana" hakuna sifa hata moja ndani yake. Ni taarifa ya kazi. Fundi akikuonyesha mlango alioutengeneza hajajisifu, anakuonyesha mlango. Na chema kitajiuzaje kikiwa kimefungiwa ndani?

Aliinua macho. Nikajua imeingia.

Tukaanza upya, yeye akiandika, mimi nikiuliza tu. Nilikataa kumtajia maneno, maana nikimtajia zitakuwa tena barua za steshenari. Tulisoma kwanza tangazo la hospitali mstari kwa mstari kujua wanaumwa nini. Wameandika kwamba wanataka faili la mgonjwa lipatikane kabla mgonjwa hajaingia kwa daktari. Hicho ndicho kilio chao, basi barua ianzie hapo. Baada ya kufuta mara nyingi, akapata hiki:

"Tangazo lenu linasema mnahitaji mtu atakayehakikisha faili linapatikana kabla mgonjwa hajaingia kwa daktari. Kwa miezi mitatu nilifanya kazi inayofanana na hiyo katika masijala ya ofisi ya serikali, nikiwa kwenye mafunzo kwa vitendo. Majalada yalikuwa yakitoka bila alama, na kuyatafuta kulichukua muda. Nilikata vipande vya boksi, na kila jalada lilipotoka niliacha kipande mahali pake chenye namba ya jalada, jina la aliyelichukua na tarehe. Aliyekuja kuuliza tuliweza kumjibu pale pale."

Akaongeza aya moja fupi: siri za wagonjwa anajua maana yake, kwa sababu majalada ya watumishi nayo ni ya siri na hakuwahi kuyatoa kwa mtu asiyehusika. Aya ya mwisho inasema anaishi hapa mjini, anaweza kuanza wakati wowote, na aliyekuwa msimamizi wake masijala ni mmoja wa wadhamini wake watatu. Ukurasa mmoja, na nafasi ikabaki chini.

Lakini yule msimamizi alikuwa hajaulizwa. Nikamwambia ampigie sasa hivi, mtu asikutane na jina lake kwenye barua ya mtu bila habari. Alisita, ilikuwa saa mbili usiku, akapiga. Nilisikia sauti ya msimamizi huyo, mama, ikicheka kwa furaha. "Wewe mtoto! Vile viboksi vyako bado tunavitumia." Kijana alishukuru, akaaga, akaweka simu mezani, akakaa muda mrefu bila kusema neno. Halafu akavuta kompyuta, akaongeza maneno haya mwishoni mwa aya ya boksi: "Utaratibu huo unatumika hadi leo."

Mengine yalikuwa madogo. Faili lake lilikuwa linaitwa "barua mpya ya mwisho 3", tukaliita kwa jina lake na nafasi anayoomba. Alitaka kutuma barua pepe tupu yenye viambatisho peke yake, nikamwambia huko ni kumrushia mtu bahasha bila salamu; akaandika mistari mitatu ya heshima. "Wako mtiifu" tuliiacha. Kuna watu wanaiona ya kizamani, mimi naipenda. Saa tano akatuma.

Sasa nyumba imetulia, na ninayemfikiria ni yule mzee wa lori. Sina namba yake, jina lake lilifutika na kompyuta ile ilipoharibika. Hata hivyo nimechukua daftari, nikaandika tarehe ya leo upande wa kulia, na chini yake aya ambayo ningemwandikia siku ile:

"Nimeendesha malori ya mizigo kati ya Dar es Salaam na Tunduma kwa miaka 19. Sijawahi kuangusha gari wala kugonga mtu. Kitonga nashuka kwa gia niliyopandia."