Vyuma ishirini

Mwaka 1988 nilikuwa mpiga gitaa la besi wa bendi ya hoteli moja pwani ya kaskazini ya Mombasa. Kazi ya bendi ya hoteli ni kopi. Wageni wanataka nyimbo wanazozijua, nawe wawapa, kisha wafunga usiku kwa "Malaika" wapate kupiga picha. Vyombo vyote vilikuwa vya Mzee, kiongozi wetu, mpaka nyaya na stuli ya mpiga ngoma. Sisi tulikuja na vidole tu.

Siku moja Mzee alirudi kutoka mjini na kanda ya Graceland ya mwimbaji wa Marekani Paul Simon, akaniwekea mkononi. "Humu mna wimbo wageni hawachoki kuuliza. Besi yake ina kitu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi nataka kukisikia."

Wimbo ulikuwa "You Can Call Me Al". Kitu chenyewe kinakuja karibu na mwisho. Vyombo vinanyamaza, besi inabaki peke yake kwa sekunde chache, inamwagika na kujikunja kama mkunga, halafu muziki unarudi kana kwamba hakuna lililotokea. Nilikirudia kipande kile mpaka kanda ikaanza kulia vibaya. Kurudisha nyuma nilitumia kalamu ya Bic ili nisimalize betri. Noti nyingine nilizipata, ila hazikuwa zile. Zake zilikuwa na unyevu fulani; zangu zilikuwa kavu, moja moja, kama mtu anayepanda ngazi.

Aliyenifumbua macho ni mpiga kinanda wetu, mtu mzima aliyewahi kupiga Nairobi na Muscat, nami nikimwita ami.

"Mwanangu, wajitesa bure. Gitaa hilo halina vyuma."

Alikuwa anasema freti, vile vipande vyembamba vya chuma vinavyokatiza shingo ya gitaa na kukuhakikishia kwamba ukibonyeza hapa utapata noti hii. Sikuamini. Ndipo akaniambia juu ya Bakithi Kumalo, kijana wa Soweto aliyeitwa studio mjini Johannesburg mwaka 1985 Simon alipokwenda kurekodi, na besi yake isiyo na vyuma. Akaniwekea "The Boy in the Bubble": akodioni ya Kisotho inaanza, ngoma inapiga kishindo, kisha besi inaingia ikiteleza toka noti hadi noti bila kuinua mguu. Halafu "Diamonds on the Soles of Her Shoes". Nilikuwa nimeusikia wimbo ule mara hamsini nikifuata sauti za kwaya ya Ladysmith Black Mambazo, wala sikujua kwamba chini yake kuna mtu mwingine anaimba kwa nyuzi nne.

Jioni hiyo hiyo akatoa kanda nyingine, jina limeandikwa kwa mkono na wino umefifia: Heavy Weather, ya bendi ya jazi ya Marekani Weather Report, ya 1977. Akaipeleka mbele hadi "A Remark You Made". Nadhani nilikuwa nimekaa juu ya spika. Wayne Shorter anapuliza saksafoni, na besi ya Jaco Pastorius haimsindikizi, inamjibu, kwa sauti ya mtu aliyetoka kulia na sasa anaongea taratibu. Sikuwahi kufikiri kwamba besi inaweza kupewa wimbo wenyewe. Kwetu besi ilikuwa nguzo, nguzo haisemi.

"Yuko wapi huyu wa besi sasa?" nikauliza.

"Amekufa Septemba mwaka jana. Alipigwa nje ya klabu huko Florida. Miaka thelathini na mitano."

Akaizima redio. Hakuongeza neno.

Usiku ule sikulala. Saa tisa niliwasha taa ya chemni, nikachukua bisibisi na koleo, nikaanza kung'oa vyuma kwenye besi ya Mzee. Niseme wazi kwamba sikuwa nimelewa. Chuma cha kwanza kilitoka na kibanzi cha mbao cha ukubwa wa punje ya mchele, na hapo mtu mwenye akili angeacha. Mimi nikaendelea. Vyote vilikuwa ishirini. Nikavitia kwenye kopo la Kimbo. Kulipopambazuka shingo ya gitaa ilikuwa imejaa vifereji, kama mbuzi ya kukunia nazi.

Asubuhi nikalibeba gitaa hadi Mtwapa kwa fundi wa boti za uvuvi wa wageni. Aliligeuza mara mbili, akaniuliza kama linavuja. Nikamweleza. Akachanganya epoksi kutoka makopo mawili, akaziba kila kifereji, akapaka tabaka juu ya shingo nzima, akaniambia nirudi kesho tupige msasa. Hakuchukua pesa, aliona ni mchezo. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba besi ya Jaco, Fender Jazz Bass ya 1962, nayo ilipakwa epoksi ya boti ili nyuzi zisile mbao. Naye alikulia Fort Lauderdale, mji wa boti. Nilicheka peke yangu nikiwa ndani ya matatu, jirani yangu akasogea.

Mazoezi ya Jumanne yalikuwa aibu tupu. Kila noti yangu ilikuwa chini kidogo, si sana, kiasi cha kumfanya mpiga solo akague nyuzi zake mara tatu akidhani kosa ni lake. Mzee akasimamisha wimbo. Akalichukua gitaa, akapitisha kidole gumba kwenye shingo kuanzia kichwani, polepole, kama mtu anayetafuta mwiba.

"Viko wapi?"

"Kwenye kopo la Kimbo, Mzee."

"Virudishe."

"Mashimo yamezibwa, Mzee. Kwa gundi ya boti."

Alitoka nje. Tulimsikia akizunguka jiko la hoteli mara mbili. Aliporudi alisema besi nyingine hana, Jumamosi ni Jumamosi, na gharama itakatwa kwenye mshahara wangu.

Ami ndiye aliyeniokoa. "Watia kidole nyuma ya mstari," akasema. "Hiyo ni tabia ya vyuma. Chuma hakipo tena. Weka kidole juu ya mstari wenyewe." Na kweli, ile epoksi ilikuwa imeacha mistari myeupe palipokuwa na vyuma. Nikasogeza kidole mbele chini ya nusu sentimita. Noti ikakaa. Nikaitikisa kidogo, ikaanza kuimba. Hata mpiga ngoma aligeuka.

Jumamosi nilisimama nyuma, karibu na ngoma, penye giza. Sehemu kubwa ya usiku ilipita salama. Kipande cha Kumalo kilipofika, vyombo vikanyamaza, nikapiga nusu ya kwanza sawasawa, nikiteleza kama nilivyosikia. Nusu ya pili vidole havikwenda popote. Nikairudia ile ya kwanza kinyumenyume kadiri nilivyoweza, nikakosa noti mbili, ami akanifunika kwa mpigo mmoja mpana wa kinanda. Wageni walipiga makofi. Mama mmoja wa Kijerumani alikuwa anacheza peku.

Sikujua wakati ule kwamba Kumalo alirekodi nusu ya kwanza tu. Nusu ya pili ni ile ile, kanda imegeuzwa nyuma. Wiki tatu nzima nilikuwa namwigiza mashine.

Tulipokuwa tunakunja nyaya Mzee alinijia na daftari lake. Shilingi 200 kila mwezi, miezi sita, sahihi hapa. Nikatia sahihi. Akafunga daftari, akabaki amesimama, akilitazama gitaa lililoegemea spika.

"Ule wa Paul Young," akasema, "ule wa kofia, unaoanza na besi. Waingereza wanausumbukia tangu mwaka 1983, na sijapata mtu wa kuupiga. Nayo ni haya mambo yako?"

"Ni haya, Mzee. Mpiga besi wake anaitwa Pino Palladino."

"Jumatano," akasema, akaenda kuzima taa.